Mashine ya Kuresoi Iliyokufa Kila Nilipoondoka

Kazi ile ya Kuresoi ilinigharimu shilingi elfu mbili na mia sita. Nimehesabu mara mbili: nauli ya kwenda na kurudi, safari mbili, elfu moja mia nne, flash mpya, mia nane hamsini, dawa ya kupaka juu ya prosesa, mia mbili, chai na mandazi pale Molo, mia moja hamsini. Nililipwa elfu moja mia mbili. Toa hiyo kwa ile, utaona kwamba nilimlipa mteja elfu moja mia nne ili aniruhusu kumfanyia kazi. Tangu nianze biashara hii sijawahi kupata hasara iliyonifaa kama ile, na ndiyo sababu nawaandikia ninyi mnaoanza kushika bisibisi sasa.

Kwanza mnijue. Kibanda changu kilikuwa ghorofani, nyuma ya soko mjini Nakuru, katikati ya kinyozi na mama wa mitumba. Nilitengeneza kompyuta hapo hadi magoti yakaanza kulalamika juu ya ngazi. Mimi ni mwanamke, na jambo hilo liliwachanganya watu wengi kuliko skrini ya bluu ya kompyuta iliyoanguka. Kijana anapanda na mashine kwapani, anachungulia, ananiona na miwani yangu na sweta yangu.

"Sasa mathe. Fundi ako wapi?"

"Unamwangalia."

"Aah. Basi wacha nimngoje arudi."

"Utangoja sana."

Mmoja alingoja kweli. Alikaa kwenye benchi akasoma gazeti lote, pamoja na matangazo ya vifo, mpaka kinyozi alipoingia akaniita Fundi. Kijana alikunja gazeti polepole. Nilimtoza bei ya kawaida, lakini sikumpunguzia.

Jambo lingine mtakalokutana nalo: hapa kwetu mtu haachi mashine kwa fundi akaenda zake. Wote wamesikia hadithi za RAM kuingia mbili na kutoka moja. Kwa hivyo mteja anakaa, anatazama mikono yako kama anavyotazama mizani ya nyama. Msichukie. Mteja anayekaa ni shahidi wako. Mimi nilikuwa namwita asogee, tunahesabu skrubu pamoja nikifungua, tunahesabu tena nikifunga. Sijawahi kubaki na skrubu moja mkononi, na sijawahi kuitwa mwizi zaidi ya kiasi cha kawaida.

Mama Chebet alipanda ngazi zangu Jumanne moja, na nyuma yake binti yake Chebet, msichana mrefu aliyeibeba kompyuta ndani ya gunia safi kama anayebeba mwana-kondoo. Ilikuwa zile za kulala bapa, zinazotoka kwenye ofisi za ng'ambo zikishachoka huko, ambazo juu yake unaweka skrini. Walikuwa wameinunua hapa mjini, na ilikuwa na mfumo wa zamani uliojaa takataka za mwenyewe wa kwanza. Walitaka iwekwe Windows upya.

Chebet alikuwa anasoma uhasibu kwa mtandao. Mtihani wake wa mwisho ulikuwa Jumatatu iliyofuata, na ulitakiwa kufanyiwa kwenye kompyuta yenye kamera, chumbani, peke yake, kimya. Simu haikubaliwi. Cyber pia haikubaliwi, maana kamera ingeona watu wakipita nyuma. Asiyefanya anarudia mwaka mzima na analipa karo upya, na karo ya kwanza pamoja na hiyo kompyuta vilikuwa vimetoka kwa ng'ombe aliyeuzwa. Mama Chebet alinieleza habari za ng'ombe huyo kabla hajaniambia jina lake mwenyewe.

"Alikuwa anatoa lita ngapi?" nikamuuliza.

"Kumi na nane kwa siku. Sasa ndiye huyu." Akaigonga kompyuta kwa kidole.

"Na kuweka Windows ni pesa ngapi?" akauliza.

"Elfu moja mia tano."

"Mia nane."

"Mia nane ni ya kuangalia tu, mama."

"Si ushaangalia? Basi iliyobaki utufanyie."

Huyo, nikajua, nimekutana na mwenzangu. Tulipanda na kushuka hadi elfu moja mia mbili, naye akaongeza mkia: ikifa kabla ya mtihani, niende Kuresoi mwenyewe, kwa nauli yangu. Nilikubali haraka. Mashine ilionekana nzima, na Kuresoi ilionekana mbali. Mtu akikukubalia bei upesi akabaki na sharti moja dogo, hesabu hilo sharti mara mbili.

Niliifungua mbele yao. Nikapuliza vumbi la ofisi ya ng'ambo, ambalo ni la kijivu. La kwetu ni jeupe kando ya ziwa na la hudhurungi ukipanda kwenda Bahati. Nikatoa RAM, nikasugua meno yake kwa kifutio cha penseli, nikarudisha. Nikaweka mfumo. Ulikwenda bila kukohoa. Nikaiacha ikizunguka mchana wote, nikifungua madirisha kumi kwa wakati mmoja makusudi ili ichoke, na haikuchoka. Nikampa Chebet flash yenye mfumo, endapo ingehitajika. Wakaondoka.

Kesho yake simu.

"Fundi, ni Chebet. Imekuwa bluu."

"Kuna maandishi chini, na namba. Nisomee."

Alinisomea kwa utulivu, herufi moja moja, kama mtu anayetaja namba ya gari lililomgonga bila kulikasirikia. Nikamwambia aiweke upya kwa ile flash, nikamwongoza hatua kwa hatua. Ikaanguka katikati ya kazi, na namba nyingine. Akajaribu tena: safari hii haikuandika chochote, ilizima tu kama mshumaa.

Hapa nisimame niwaambie kitu cha kazi, maana wengi wenu mkiona skrini ya bluu mnakimbilia kubadilisha kitu cha kwanza kilicho karibu. Tulieni. Kompyuta inayoanguka wakati wa kuwekewa mfumo inakuambia mambo, mradi umsikilize mwenye kuisoma. Ikiandika kosa lile lile, mahali pale pale, kila mara, shuku maneno, yaani programu: flash iliyoandikwa vibaya, ama mpangilio wa diski kule ndani kabla mfumo haujaamka. Lakini ikibadilisha kosa kila mara, leo hili, kesho lile, keshokutwa inazima bila kuaga, shuku chuma. RAM, umeme, diski, joto. Piga picha ya kila kosa. Toa kila kisichohitajika: printa, modemu, kadi za ziada. Ukiwa na RAM mbili, jaribu moja, kisha ile nyingine, kisha badilisha tundu. Na flash, jamani! Zile za bei ya kutupa zinazosema zina nafasi kama ya ghala, nyingi zina nafasi ya kijaluba.

Hilo la flash nilifundishwa na Mzee Barasa. Alikuwa fundi wa redio tangu zamani, akaingia kwenye kompyuta akiwa tayari na mvi, na ndiye aliyenipa kiti pembeni ya meza yake nilipokuwa sijui hata kushika bisibisi isiteleze. Siku moja nilikuwa naweka mfumo kwenye mashine ya duka la dawa za mifugo. Ikaanguka. Nikaanza upya. Ikaanguka. Nilianza upya mara tano, kila mara nikiwa na imani kubwa kuliko mara iliyotangulia. Mzee Barasa alikuwa ameketi pale na kikombe chake, ananitazama. Nilipofika ya tano akanyoosha mkono, akachomoa flash yangu, akachomeka yake. Ikakubali.

"Mzee, na ulikuwa unajua tangu mwanzo?"

"Tangu ya pili."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilitaka kuona utafika ngapi."

Basi Alhamisi nilinunua flash nzuri, nikabeba RAM mbili za kujaribia na dawa ya prosesa, nikaelekea Kuresoi. Huko juu ni ukungu na viazi, na baridi inayokusalimia kabla ya mwenye nyumba. Sebule ya Mama Chebet ilikuwa safi, na kila kitu cha thamani kimevaa: viti vimevaa vitambaa vya kufuma, televisheni imevaa. Skrini ilikuwa nje mezani, na kompyuta yenyewe ndani ya kabati la ukutani, nayo imevaa chake. Nikakisifu, nikakikunja vizuri, nikakiweka kando, nikaanza kazi.

Nilifanya yote. Nilibadilisha RAM, nikapaka dawa mpya juu ya prosesa, nikaupima umeme wa ukutani, nikaweka mfumo kwa flash mpya. Ukaenda kama maji. Chebet akaingia kwenye ukurasa wa chuo, akafungua mtihani wa mazoezi, kamera ya kuchomeka ikamwona. Tukala ugali na mboga, nikaaga nikiwa nimejipongeza kimoyomoyo. Pale Molo nikaagiza chai na mandazi. Sijaimaliza, simu ikalia. Safari hii alikuwa mama mwenyewe.

"Fundi, uko wapi?"

"Molo."

"Basi umefika mahali imejua umeenda kweli. Imekufa."

Nikaweka kikombe chini.

"Nikuulize kitu," akasema. "Hii mashine inakuogopa?"

"Haiwezi kuniogopa, mama."

"Mimi nimeona. Ukiwa hapa inafanya kazi kama bibi arusi. Ukitoka tu, inalala. Kama inakuogopa, si ungetuachia hata hiyo sweta yako tuitundike hapo juu?"

Alisema kwa mzaha, lakini nyuma yake nilimsikia Chebet akiuliza, "Amesema nini? Atarudi?" na hiyo haikuwa sauti ya mzaha. Mwaka mzima wa masomo ulikuwa umesimama katikati ya sebule ile, na mimi nilikuwa na mandazi mkononi.

Usiku huo sikuigusa kazi. Asubuhi nilimpigia Mzee Barasa. Alikuwa amerudi Subukia kwenye shamba lake la kahawa.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Nini imekushinda?"

"Nani amesema imenishinda?"

"Ungekuwa unanisalimia tu, ungepiga Jumapili."

Nikamweleza. Hakuuliza habari za RAM wala umeme. Zamani dukani alikuwa na tabia ya kuwauliza wateja, "Ukiwasha hii kitu huwa umekaa wapi, na ni nani yuko karibu?" mpaka wengine walidhani ni askari. Sasa akaniuliza mimi.

"Inakufa ukiwa wapi?"

"Nikiwa sipo."

"Na wewe ukiwa hapo unafanya nini?"

"Natengeneza."

"Ndiyo shida yako. Ukishika bisibisi, nyumba nzima inakupisha. Hakuna mtu anafanya kile anachofanya kila siku. Rudi, lakini usiende kama fundi. Nenda kama mgeni. Keti, kunywa chai, usiguse kitu. Wacha waweke wenyewe."

"Na ikifa?"

"Si ndiyo unataka kuiona ikifa?"

Jumamosi nilikwenda tena. Nilimweleza Mama Chebet kwamba leo sifanyi kazi. Alinitazama kama aliyeambiwa kwamba mchungaji amekuja lakini hataomba.

"Umetoka Nakuru kuja kuketi?"

"Nimekuja kuketi."

"Haya, keti. Hicho kiti ndicho kizuri."

Chebet akaitoa kompyuta nguo, akachomeka flash, akaanza kuweka mfumo mwenyewe, kwa mikono thabiti. Maandishi yakaanza kupanda, asilimia moja, mbili, tano. Bisibisi yangu ilikuwa mfukoni, na ninaapa ilikuwa inawasha. Chebet akaenda kumsaidia mama yake jikoni. Nikabaki na saa ya ukutani na ile mashine.

Mama Chebet akaingia na jiko la makaa, kwa sababu mgeni hawezi kukaa na baridi ya Kuresoi. Akaliweka pale karibu na kabati, ambapo lilikuwa na mahali pake pa kila siku. Sakafu pale ilikuwa na alama. Kisha, akiendelea kuniuliza habari za bei ya viazi soko la Nakuru, akachukua kile kitambaa, akakikung'uta, akaivisha kompyuta. Alikishusha vizuri mbele na pembeni, akanyoosha kona. Kona moja ilikuwa upande wangu, na mimi, fundi wa miaka yote hiyo, niliinama nikamsaidia kuinyoosha.

"Asante," akasema.

"Kizuri sana hiki," nikasema.

Halafu akasukuma mlango wa kabati ukabaki nafasi ya vidole viwili, akaenda kuleta chai.

Nilikunywa chai. Tulikuwa tumefika kwenye bei ya kabeji nikaanza kusikia sauti, nyembamba, inapanda, kama nzi aliyefungiwa ndani ya chupa. Feni. Ikapanda, ikapanda, halafu ikanyamaza ghafla, na skrini ikawa bluu.

"Umeona?" Chebet akasema kutoka mlangoni.

Nikafungua kabati. Nikakiinua kitambaa, na chini yake nikaiona bitana: satini nzito, imeshonwa vizuri pande zote, hakuna tundu hata la sindano. Juu ni maua ya kufuma yenye nafasi, chini ni blanketi. Nikaweka kiganja juu ya kompyuta nikakiondoa mara moja. Ilikuwa kama sufuria ya uji.

Nikakaa chini na kitambaa mikononi. Kisha nikaanza kucheka, na nikajizuia, kwa sababu Mama Chebet alikuwa anatazama kile kitambaa mikononi mwangu.

"Mama, hiki unakifunika wakati gani?"

"Wakati wote. Si inafanya kazi? Vumbi isiingie."

"Na nikija mimi?"

"Ukija wewe unakitoa."

Akakitazama kitambaa, kisha kompyuta. Nikaona likimwingia polepole, na uso wake ukabadilika.

"Nilikifuma wiki mbili," akasema. "Hiyo bitana niliweka ndiyo isipate baridi." Akakaa. "Kwa hivyo ni mimi nimekuwa nikiua huyu ng'ombe mara ya pili."

"Hapana, mama. Ng'ombe ni mzima. Alikuwa amefunikwa pua."

Chebet ndiye aliyecheka kwanza, kicheko cha mtu aliyekuwa amebeba kitu siku nyingi. Kisha mama yake. Nami nikamwambia ukweli, ili asibebe lawama peke yake: nyumbani kwangu televisheni imevaa kitambaa, redio imevaa, hata mtungi wa maji umevaa. Kitambaa kile nilikikunja siku ya Alhamisi kwa mikono yangu na sikukiona. Fundi mwingine, aliyelelewa kwingine, labda angekishangaa tangu mlangoni. Mimi nilikuwa nimekizoea sana. Wote wawili tuliikosea mashine ile kwa heshima.

Lakini sikiliza, kijana: hapo usikunje mkeka ukaenda nyumbani. Kosa ambalo huwezi kulirudisha kwa makusudi, bado hujalijua. Tuliiacha ipoe. Chebet akaanza kuweka mfumo bila kitambaa, mlango wa kabati wazi, jiko limehamia upande wa pili. Ukakamilika. Kisha nikamwomba Mama Chebet aifunike kama kawaida yake, tukaifanyisha kazi nzito, tukangoja. Feni ikapanda sauti, na ikafa mbele yetu sote. Tukaivua, ikapoa, ikafanya kazi nzito ile ile bila kulalamika. Sasa tulijua. Kitambaa kikahamia kwenye redio ya betri, ambayo haina feni.

Jumatatu simu yangu niliilaza juu ya meza ya kazi, uso juu. Mteja akaja na laptop, akataja bei ya kipuuzi, nikasema sawa. Alishtuka mpaka akaanza kujiongezea mwenyewe. Kinyozi akaingia kuuliza kama naumwa.

Ilipolia nilikuwa na skrubu mdomoni.

"Fundi. Nimemaliza."

"Haikuzima?"

"Haikuzima. Swali la mwisho ndilo lilikuwa gumu, lakini hilo si lako."

Nikatema skrubu. Nilisikia mama yake kwa mbali akiimba wimbo wa kanisani na vyombo vikigongana.

Chebet alipita. Na mimi tangu siku hiyo sikuwahi kufungua mashine kabla sijamwambia mteja anitumie picha ya mahali inapokaa. Siyo ya mashine; ya mahali. Nimeona mengi kwa njia hiyo. Bwana mmoja wa Bahati alikuwa ameiweka juu ya sanduku la vifaranga, na taa ya kuwapasha joto inawaka chini yake. Mwingine aliiegemeza nyuma ya friji, anashangaa kwa nini inaanguka wakati wa chakula cha mchana. Kazi nyingi zilizonilisha baadaye zilikwisha kwa kusogeza meza. Nilitoza kidogo kwa kusogeza meza. Kidogo, lakini nilitoza.

Kwa hivyo nikikaa sasa kwenye kiti changu nyumbani, na magoti yakiwa yamepumzika, nawashukuru watu. Namshukuru Mzee Barasa kwa kuniacha nifike tano, na kwa kuniambia niende kama mgeni. Namshukuru Mama Chebet, ambaye angeweza kunitangaza kuwa mwizi kutoka Kuresoi hadi Molo na asingekosa wa kumwamini, lakini akanipa kiti kizuri na chai. Namshukuru Chebet zaidi, kwa sababu kila mara kompyuta ilipomwangusha alichukua kalamu akaandika namba. Wateja wengi hupiga kelele. Yeye aliandika. Fundi hana msaidizi bora kuliko mteja anayesoma kosa lilivyo, si anavyolihisi.

Sasa nije kwa lililonifanya niwaandikie leo, wala si sifa.

Chebet anafanya hesabu za kikundi cha wakulima wa viazi huko kwao. Malipo ya watu yanapita mikononi mwake, na anafanya yote kwa mashine ile ile. Wiki iliyopita alinipigia. Mfumo uliomo hauletewi tena masasisho ya usalama. Alijaribu kuweka ule mpya. Haukuanguka, haukuwa bluu. Ulimwambia kwa upole kwamba kompyuta yake haistahili: prosesa ni ya zamani, na kuna kidude cha usalama unachokitaka ambacho haina. Amesikia kuna njia ya kuulazimisha uingie hivyo hivyo. Amesikia pia kuna mifumo ya bure inayokubali mashine kuukuu, lakini hajui kama programu ya kikundi itafanya kazi humo. Na kununua nyingine kunamaanisha kumwendea mama yake, na nyumbani amebaki ng'ombe mmoja.

"Fundi, wewe unasemaje?" akaniuliza.

Najua RAM, najua flash, najua joto. Hili lilikuja nikiwa nimeshafunga kibanda, na sitaki kumjibu kwa kubahatisha mtu aliyebeba pesa za wenzake. Nimemwambia nitampigia Ijumaa. Ninyi ndio mnaoifanya kazi hii leo, kwa hivyo nishaurini: mashine ambayo ingali nzima, yenye hesabu za watu ndani, aulazimishe mfumo mpya, ahamie ule wa bure, au anunue? Na anayesema anunue aniambie pia ni kwa bei gani, ya mwisho, siyo ya kuanzia.